Laptopu ya mtumba iwe ghala la picha na hati za nyumba, hapa Mombasa

Kusakinisha programu ni kazi ya alasiri moja. Kinachoziua seva za nyumbani katika mji huu ni chumvi ya bahari, stima inayopotea bila hodi, na diski bandia. Kwa hiyo mambo hayo ndiyo yaliyopewa nafasi kubwa hapa. Amri zenyewe ni chache.

Kazi ikiisha utakuwa na hivi: simu za nyumba nzima zinapeleka picha, risiti na hati kwenye laptopu moja iliyo kabatini, zenyewe, kila zinapoingia kwenye waifai ya nyumbani. Mtu akifuta picha simuni ili apate nafasi, picha inabaki nyumbani. Na nakala ya vyote iko kwenye diski nyingine, katika nyumba nyingine. Programu zote ni huria na hazilipiwi: Debian (mfumo wa kuendesha kompyuta), Syncthing (ya kulinganisha faili za simu na laptopu), rsync (ya kunakili faili) na restic (ya kutunza nakala). Bando pia haliguswi, maana faili hazitoki nje ya ruta yako.

Kununua mashine

Chukua laptopu ya ofisi ya mtumba, si kompyuta ya mezani. Sababu ya kwanza ni betri: stima ikipotea, mashine haizimiki papo hapo katikati ya kuandika faili. Ya pili ni tokeni. Laptopu iliyotulia hula wati 10 hadi 15. Wati 15, saa 24, siku 30, ni yuniti 10.8 kwa mwezi. Kompyuta ya mezani ya zamani inayokula wati 60 humaliza yuniti 43.2 kwa muda huohuo.

Skrini iliyovunjika si kasoro kwako. Ni punguzo la bei. Skrini utaihitaji siku ya kwanza tu, na siku hiyo unaweza kuazima ya nje. Vitufe vilivyong'oka pia si neno. Lakini laptopu iliyomwagikiwa na chai au maji iache hata ukipewa kwa bei ya bure: unyevu hubaki chini ya bodi na kuendelea kula shaba polepole, na baada ya miezi michache mashine hukufia mikononi bila sababu unayoiona.

Prosesa iwe ya biti 64, kwani Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haisakinishwi tena kwenye mashine za biti 32. RAM ya GB 4 yatosha kwa kila kitu kilicho hapa. Tundu la kebo ya mtandao liwepo. Ndani tia SSD moja ya TB 1 ikae mfumo na picha pamoja. Diski mbili zinazoning'inia kwa nyaya za USB ni matatizo mawili zaidi. Kando nunua diski mbili za nje za ukubwa huohuo kwa ajili ya nakala.

Diski bandia

Kuna diski na flashi zinazojitangaza kuwa za TB 1 huku ndani zina GB 32. Hazikatai kuandikwa. Zinapojaa huanza kuandika juu ya faili za mwanzo, nawe huoni kitu mpaka siku unapofungua picha ya harusi ukakuta nusu yake ni kijivu. Kuangalia ukubwa unaoonyeshwa na kompyuta hakusaidii, kwa sababu ndiyo namba iliyoghushiwa. Njia ya uhakika ni kuijaza diski yote kisha kuisoma tena (hapa /mnt/nje ni folda ambamo diski imeunganishwa):

sudo apt install f3
f3write /mnt/nje
f3read /mnt/nje

Amri ya pili hujaza nafasi yote tupu kwa faili za GB 1, ya tatu huzihakiki moja moja. Ukiona hesabu isiyo 0 kwenye mstari wa "Data LOST", rudisha diski dukani. Diski ya nje inayoandika MB 100 kwa sekunde itachukua karibu saa 2 na dakika 47 kuijaza TB 1, na kama hizo tena kuisoma, kwa hiyo iwashe usiku. Patana na muuzaji juu ya kurudisha kabla ya kutoa pesa. Akikataa, una jibu lako tayari.

Diski ya mtumba ipimwe kwa njia ya pili pia. Sakinisha smartmontools, kisha:

sudo smartctl -a /dev/sda

Tazama mistari mitatu. Power_On_Hours ni saa ilizofanya kazi; mwaka una saa 8,760, hivyo diski yenye saa 40,000 imekesha miaka minne na nusu. Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector zisome 0 kwenye safu ya mwisho. Ya pili ikizidi 0, usitie picha zako humo hata kwa siku moja.

Mahali pa kuiweka

Si dirishani kunakopiga upepo wa bahari, hata kama ndiko kuliko na baridi. Hewa yenye chumvi hukaa kwenye vyuma vya USB na miguu ya RAM, na dalili yake huja kwa ujanja: diski ya nje inakatika yenyewe usiku kisha inarudi. Ukiandika sudo dmesg ukakuta "USB disconnect" mara kwa mara, usikimbilie kulaumu diski. Badilisha kwanza kebo, kisha safisha tundu na kichwa cha kebo kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, mashine ikiwa imezimwa. Miguu ya RAM husuguliwa kwa raba safi ya penseli, polepole, kisha spiriti.

Sebuleni chini ya mashine ya AC pia hapafai. Siku bomba la maji likiziba, matone yatashuka hapohapo. Pazuri ni rafu ya kabati lisilo na mlango, ukutani upande wa ndani wa nyumba, juu ya usawa wa kiuno. Iegemeze kama kitabu au iinue kwa vizibo vinne vya chupa ili hewa ipite chini. Usiifunge kwa kitambaa kwa nia ya kuzuia vumbi.

Joto lipime, usilikisie. Sakinisha lm-sensors uandike sensors mchana wa Machi, mwezi ambao Mombasa hutokota. Prosesa ikikaa juu ya nyuzi 80 bila kazi yoyote, feni imeziba: vumbi likichanganyika na unyevu wa hapa huwa kama sufi iliyolowa, na kupuliza tu hakutoshi. Ifungue kila miezi sita, uitoe kwa brashi.

Kusakinisha Debian

Pakua faili ndogo ya netinst kutoka debian.org, chini ya GB 1, uiandike kwenye flashi. Unganisha laptopu na ruta kwa kebo. Mambo mawili hukosewa hapa.

La kwanza: ukiulizwa nenosiri la root (msimamizi mkuu wa mashine), liache tupu. Debian itampa mtumiaji wa kawaida ruhusa ya sudo, yaani kuendesha amri kama msimamizi. Ukilijaza, sudo haitakuwepo na amri zote za ukurasa huu zitakukatalia. La pili: kwenye orodha ya programu, ondoa alama kwenye "desktop environment" na zote zilizo chini yake, ubakishe "SSH server" na "standard system utilities". Hutahitaji madirisha, nayo yanakula RAM.

Mtumiaji tumwite nyumbani. Kwenye ruta, tafuta sehemu ya DHCP (inayogawa anwani) uifungie laptopu anwani yake isibadilike, tuseme 192.168.1.20. Usipofanya hivyo, ruta ikizimwa na kuwashwa anwani inaweza kuhama, nawe utaitafuta mashine iliyo mbele yako. Kutoka kompyuta nyingine ingia kwa ssh, njia ya kuiongoza mashine kwa mbali:

ssh nyumbani@192.168.1.20

Sasa kifuniko. Laptopu ikifunikwa hulala, na seva iliyolala si seva. Andika sudo mkdir -p /etc/systemd/logind.conf.d, kisha utengeneze humo faili kifuniko.conf yenye mistari miwili:

[Login]
HandleLidSwitch=ignore

Washa mashine upya, funika, ujaribu kuingia tena kwa ssh. Usiipeleke kabatini kabla ya jaribio hilo.

Stima

Betri inayochajiwa mpaka 100 mchana na usiku kwenye joto la pwani huvimba. Utaiona kwa kipanya cha kugusa kinachoinuka au kifuniko kisichofunga sawasawa. Ikifika hapo itoe mara moja, usiibonyeze wala kuitoboa. Kwenye ThinkPad na aina kadhaa nyingine unaweza kuiwekea mpaka. Sakinisha tlp, kisha kwenye /etc/tlp.conf:

START_CHARGE_THRESH_BAT0=50
STOP_CHARGE_THRESH_BAT0=60

Andika sudo tlp start, halafu sudo tlp-stat -b ikuonyeshe kama mashine imekubali. Utapoteza karibu nusu ya muda wa betri, lakini hutafuti saa sita, unatafuta nafasi ya kuzima kwa heshima. Hilo la kuzima linahitaji faili moja, /etc/cron.d/stima, yenye mstari huu mmoja:

*/5 * * * * root grep -q Discharging /sys/class/power_supply/BAT0/status && [ $(cat /sys/class/power_supply/BAT0/capacity) -lt 20 ] && /usr/sbin/shutdown -h now

Kila dakika tano mashine hujiuliza: je, niko kwenye betri, na imeshuka chini ya 20? Ikiwa ndiyo, inajizima taratibu. Kwenye laptopu nyingine betri huitwa BAT1. Angalia kwa ls /sys/class/power_supply kabla ya kuandika. Ijaribu kwa kuchomoa chaja, si kwa kungoja stima ipotee. Ubaya mmoja: laptopu nyingi haziwaki zenyewe stima ikirudi, kwa hiyo mtu wa nyumba ajue kitufe kiko wapi.

Ruta nayo ikizimika, simu hazina pa kupitia. Betri ndogo ya ruta ya mkondo wa DC inatosha. Kabla ya kununua soma kibandiko cha adapta ya ruta: 12V na 9V zote zipo, na kuchomeka 12V kwenye ruta ya 9V ni kuichoma.

Syncthing

sudo apt install syncthing rsync
sudo mkdir -p /data/simu /data/hifadhi
sudo chown -R nyumbani: /data
sudo systemctl enable --now syncthing@nyumbani

Ukurasa wake wa kuiongoza unasikiliza ndani ya mashine yenyewe tu, porti 8384, na uache hivyo hivyo. Ufikie kwa kupitia ssh:

ssh -L 8385:127.0.0.1:8384 nyumbani@192.168.1.20

Fungua http://127.0.0.1:8385 kwenye kivinjari. Ni 8385 makusudi: kama kompyuta yako nayo ina Syncthing, 8384 itakuwa imeshikwa, na utakuwa unabadilisha mipangilio ya mashine isiyo yenyewe bila kujua.

Kwenye simu za Android, programu ya awali ya Syncthing ilisimamishwa Desemba 2024. Inayoendelea ni Syncthing-Fork, iliyo kwenye F-Droid, duka la programu huria. Iunganishe kwa kupiga picha ya QR inayotoka kwenye Actions, Show ID. Kisha chagua folda mbili. DCIM/Camera ni ya picha. Ya pili watu huisahau, nayo ndiyo yenye hati: Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Media. Risiti za ada, barua za mwenye nyumba, vyeti vilivyopigwa picha na shangazi, vyote viko humo.

Kwenye simu, folda iwe Send Only. Kwenye laptopu iwe Receive Only, na kila simu iwe na folda yake ndani ya /data/simu. Kwenye laptopu washa pia File Versioning aina ya Trash Can, siku 30.

Halafu ingia kwenye mipangilio ya simu yenyewe, uiondolee Syncthing-Fork kikwazo cha kuokoa betri. Bila hivyo Android huiua baada ya muda mfupi, na malalamiko ya "haifanyi kazi" karibu yote chanzo chake ni hapa. Iruhusu ifanye kazi kwenye waifai tu, tena waifai ya nyumbani kwa jina. Itakuomba ruhusa ya mahali ulipo, kwani Android haitoi jina la waifai bila ruhusa hiyo. Ukiruka hatua hii, siku ukiwa Voi itapeleka video zako kwa bando.

Safari ya kwanza ni ndefu. Picha za GB 60 kwa MB 5 kwa sekunde ni saa 3 na dakika 20. Chomeka simu kwenye chaja uende zako.

Kufuta ambako si kufuta

Syncthing si ghala. Ni kioo: kilichofutwa simuni hufutwa na nyumbani, na Trash Can inakupa siku 30 tu. Kwa sababu hiyo kuna folda ya pili, hifadhi, ambayo kitu huingia na hakitoki. Tengeneza /etc/cron.d/hifadhi yenye mstari mmoja:

15 * * * * nyumbani rsync -a --ignore-existing --exclude='.st*' --exclude='.syncthing.*' --link-dest=/data/simu/ /data/simu/ /data/hifadhi/

Kila saa faili mpya hupata jina la pili ndani ya hifadhi. Ni jina la pili la faili ileile, kwa hiyo haichukui nafasi mara mbili. Simu ikifuta la kwanza, la pili linabaki limeishika. Ujanja huu hufanya kazi kwenye ext4, mpangilio wa diski ambao Debian huuweka yenyewe, na ndani ya diski moja tu. Kwenye exFAT haupo. Usiongeze --delete kwenye mstari huo, hata kama umeuona kwenye mwongozo mwingine.

Kasoro yake ni kwamba hifadhi hushika toleo la kwanza la faili. Picha hazibadiliki, lakini hati unayoihariri kila wiki utaipata mpya kwenye simu/ na ile ya kwanza kwenye hifadhi/. Matoleo ya katikati ni kazi ya restic.

Anayetunza maneno yake ya siri kwenye programu ya KeePassXC anaweza kuweka faili yake katika folda yake mwenyewe ya Send & Receive. Vifaa viwili vikiihariri kwa pamoja itatokea faili yenye "sync-conflict" katika jina lake. Usiifute: fungua ile kuu, chagua kuunganisha hifadhidata, kisha ndiyo uifute.

Kuifikia kutoka nje

Wengi hawahitaji. Picha zinaweza kungoja mpaka urudi nyumbani. Ukiona lazima, kwanza tazama anwani ya WAN (ya upande wa intaneti) kwenye ruta. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya anwani inayogawanywa na wateja wengi, na kufungua porti kwenye ruta ni kupoteza jioni. Syncthing yenyewe hupita hapo bila kuombwa, kwa kutumia vituo vya kupokezana huku data ikiwa imefungwa kwa siri. Kwa ssh na mengineyo, WireGuard, njia ya siri kati ya mashine, kupitia seva ndogo ya kukodi ndiyo njia huria kabisa. Tailscale, huduma ya kazi hiyohiyo, ni rahisi zaidi, lakini mitambo yake ya kati si huria, na mbadala wake Headscale unakurudisha kwenye seva ya kukodi. Lolote utakalochagua, usiiweke ssh wazi kwa nenosiri. Tengeneza ufunguo kwa ssh-keygen -t ed25519, upeleke kwa ssh-copy-id, kisha weka PasswordAuthentication no kwenye mipangilio ya sshd.

Nakala

Diski ya nje, ikishapita f3, itengenezwe ext4 kwa amri ya mkfs.ext4. Tazama jina lake kwa lsblk mara mbili, maana mkfs hufuta vyote vilivyo kwenye diski unayoitaja. UUID yake (namba ya utambulisho) uipate kwa sudo blkid, uiandike kwenye /etc/fstab, orodha ya diski zinazounganishwa mashine ikiwaka:

UUID=xxxx /mnt/nje ext4 defaults,nofail 0 2

Neno nofail si pambo. Bila hilo, siku diski haipo mashine itaisubiri dakika moja na nusu kisha itakwama kwenye hali ya dharura, na wewe huna skrini. Baada ya hapo andika sudo mkdir -p /mnt/nje, kisha sudo mount /mnt/nje, na sudo chown nyumbani: /mnt/nje, halafu:

sudo apt install restic
restic init -r /mnt/nje/nakala
restic -r /mnt/nje/nakala backup /data/simu /data/hifadhi
restic -r /mnt/nje/nakala forget --keep-daily 7 --keep-weekly 4 --keep-monthly 12 --prune

Folda zote mbili zinaingizwa bila hofu ya nafasi, kwani restic haiandiki kipande kilekile mara mbili. Nenosiri unalolitoa kwenye init halina njia ya kurudishwa: likipotea, diski ni tofali. Liandike kwa kalamu kwenye karatasi, karatasi iwekwe pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Kuliweka ndani ya laptopu hiyohiyo peke yake ni kufungia ufunguo ndani ya sanduku.

Kila mwezi mwambie restic asome sehemu ya alichoandika:

restic -r /mnt/nje/nakala check --read-data-subset=10%

Na mara moja baada ya nakala ya kwanza, rudisha kweli:

restic -r /mnt/nje/nakala restore latest --target /data/jaribio --include /data/hifadhi

Ikiwa hifadhi yako ni kubwa, taja folda ya simu moja tu badala ya yote. Fungua picha tano na PDF mbili kutoka /data/jaribio, si kuangalia majina tu.

Diski ya pili ya nje ipitie hatua hizohizo, ikiwa na nenosiri lake kwenye karatasi ileile, kisha itoke nyumbani. Ukiwa kisiwani ipeleke kwa ndugu ng'ambo ya Likoni au Changamwe. Ukiwa Bamburi, mjini. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu pamoja na pakiti mbili za silika, zile zinazokuja ndani ya maboksi ya viatu. Unapokwenda kusalimia, nenda na diski iliyo nyumbani na urudi na iliyo kule.